Usalama wa Inchi ya Kwetu

Louisville, 29 Januari 2025

Aganze mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu neno hili si la simu. Gentille amenicheka. Anasema hapa Amerika hakuna anayetuma barua kwa posta isipokuwa kampuni ya umeme. Mwache acheke, baridi ya Buffalo imemlegeza akili. Kuna maneno ya simu na kuna maneno ya bahasha, na wewe kwa kazi unayosomea unalijua hilo kuliko mimi.

Goma imeanguka Jumatatu. Hilo umelisikia. Sasa waasi wanateremka upande wa Bukavu, na ndugu yako Salomon yuko pale Kadutu na mke wake Gracieuse na watoto, katika nyumba ileile niliyomwachia nilipoondoka na ninyi wawili, Gentille wa tumbo langu na wewe wa marehemu dada yangu. Faili yake ya kuja hapa ilikuwa imefika mbali, lakini mwezi huu wamefunga mlango wa wakimbizi na hakuna anayetujibu. Jana alinipigia akilia. Salomon, mtu mzima! Akaniuliza, "Mama, tutoke ao tubakie? Batu banaanza kushuka Kamanyola." Nikamwambia abaki. Asiwatese watoto barabarani bure, na ndugu yake yuko ndani ya ile kazi.

Donc, sasa nakuuliza. Sijakusumbua tangu ulipoanza masomo. Siku barua ya chuo ilipofika, Gentille aliisoma mezani akatutafsiria: "Aganze ameitwa kusomea usalama wa inchi ya kwetu." Nilipiga vigelegele mpaka jirani Mmarekani akagonga ukuta. Kanisa zima tuliyaombea masomo hayo. Kila vita ikichachamaa kule watu wananiuliza, Mama Nzigire, mtoto anamaliza lini? Nawajibu, mambo mazuri hayataki haraka. Bon, haraka yenyewe imekuja. Ongea na wakubwa wako. Wamtoe Salomon, ao wakuambie wewe afanye nini.

Usinijibu kwa simu.

Mama yako mdogo,
Nzigire


Columbus, 1 Februari 2025

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Nakuomba na wewe usome hii polepole, kwa sababu nitaandika jambo ambalo nilipaswa kulinyoosha zamani.

Gentille alikuwa mtoto wa shule alipotafsiri ile karatasi. Alichukua neno moja moja la "homeland security": nyumbani, nchi, usalama. Hakukosea hata moja. Lakini "kwetu" inayotajwa pale si kwetu sisi. Ni kwao, ni Amerika. Ninasomea jinsi nchi hii inavyojilinda na mabomu, mafuriko, moto, magonjwa, jinsi inavyolinda mipaka na bandari na mitambo ya maji. Congo haimo, Mama. Sijawahi kuandika ukurasa mmoja juu ya Bukavu.

Na hata hiyo Amerika siilindi mimi. Fani yenyewe ni changa, haimzidi Gentille umri kwa mengi. Chuo kimoja kinaifundisha pamoja na mambo ya polisi, kingine kinaiweka kwenye utawala, kingine kwa wazima moto. Maprofesa hukutana hotelini kila mwaka wakabishana kama hii ni fani kweli ao ni kapu ambalo kila mtu ametupia chake. Tasnifu yangu inahusu mabishano hayo. Nasoma wanaosoma. Sina mkubwa wa kuongea naye. Nina msimamizi, Profesa Edah Mutuku, Mkenya, mama mwema sana, na mamlaka yake makubwa ni ufunguo wa chumba cha mashine ya kunakili.

Kwa hiyo Salomon asinisubiri. Tafadhali. Watu wa pale wakiondoka, na yeye aondoke. Kesho nitakupigia nikuambie haya haya kwa mdomo.

Mwanao,
Aganze


Louisville, 5 Februari 2025

Mwanangu,

Barua imefika, na Jumapili ulipiga. Nimeelewa. Uliyoandika ndiyo uliyosema kwenye simu, hakuna neno lililoruka. Wamekufundisha vizuri.

Unamkumbuka fundi redio wa mtaani kwetu, yule tuliyemwita Papa Antene? Labda ulikuwa mdogo. Hakuna aliyemshuku mpaka siku alipoanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa, "Miye niko fundi tu, mambo ya sekirite siyajue." Tangu siku ile tukawa tunazima redio kabla ya kumpelekea. Mtu wa sekirite, mpelelezi wa serikali, hasemi ni mtu wa sekirite. Wa kwetu wote tunajua hivyo, na mimi sikukasirika ulipokana. Nilifurahi. Nilisema, kumbe mtoto amefika mbali.

Ila hayo ya mafuriko, papa, tafuta mengine. Mtu ana madigrii mawili anasomea mafuriko na mashine ya kunakili? Ukimwambia hivyo mtu asiye mama yako atacheka.

Gentille naye amenipigia, ati umemtuma anieleze. Nikamwambia anyamaze, asikuharibie.

Salomon ametulia. Gracieuse ndiye anayemsukuma, ameshafunga nguo za watoto kwenye kitenge, lakini nimewaambia hakuna kutoka mpaka neno lako. Watu wa jirani yao wameanza kuondoka. Yeye ananisikiliza mimi, na mimi nakusikiliza wewe.

Jumamosi njoo ule. Nitapika sombe.

Nzigire


Columbus, 9 Februari 2025

Mama,

Jana nilikaa mezani pako nikakuambia machoni kwamba mimi si mtu wa sekirite. Ukanikonyeza, ukaniongezea samaki.

Basi, neno ni hili. Salomon asikae Bukavu. Aondoke siku utakayopokea barua hii, si kesho yake. Ashuke mlima wa Ngomo mpaka Kamanyola, asilale Kamanyola, aende mbele mpaka Luvungi, avuke mto aingie Burundi. Abebe watoto, karatasi zao na maji ya kunywa. Vingine aache. Asingoje gari la mtu, wala asingoje neno lingine kutoka kwangu.

Usiniulize nimelitoa wapi. Nimeituma kwa posta ya siku moja. Ukishasoma, choma.

Aganze


Columbus, 10 Februari 2025
(kwa barua pepe)

Ombati, ndugu yangu,

Kuhusu ile nafasi ya ualimu hapo chuoni kwenu Buffalo, asante kwa kunikumbuka, maombi nitatuma kabla ya mwezi kwisha. Lakini leo sikuandikii kwa ajili ya kazi. Tulisoma darasa moja hapa na wewe ndiye mtu pekee atakayeelewa nilichofanya bila nianze kueleza fani yetu ni kitu gani.

Mama aliyenilea anaamini mimi ni mtu wa usalama wa Congo niliyekaa ndani ya serikali ya Amerika. Nimekana kwa barua, kwa simu, na juzi mbele yake mezani. Kila nikikana anaamini zaidi, kwa sababu kwetu anayekana ndiye. Na kwa imani hiyo amemzuia mwanawe asitoke Bukavu. Anamwambia angoje amri yangu.

Nikatoa amri. Nimeandika kama ofisa. Ashuke hapa, avuke pale, asilale kule. Na hiyo njia, Ombati, nimeitoa kwenye ramani ya simu na kwenye kichwa cha mtoto wa miaka tisa aliyewahi kupita pale juu ya lori la mihogo. Sijui nani anashika Kamanyola leo. Sijui mto umejaa ao la. Nimefundisha darasa zima la kupima hatari, nina michoro yake ukutani, na sikutumia hata mmoja.

Profesa Edah nilimweleza Ijumaa. Aliwaandikia watu wawili anaowafahamu Washington. Mmoja amejibu kwamba anatupa pole.

Salomon akifa njiani, nimemuua mimi. Akifa nyumbani, nimemuua mimi pia. Nimechoka, siwezi hata kusoma kazi za wanafunzi.

Aganze


Buffalo, 12 Februari 2025
(kwa barua pepe)

Aganze,

Pole sana, kaka. Nimesoma yako nikiwa kwa maegesho, theluji inanifunika, nikashindwa kutoka kwa gari.

Wacha nikuambie ukweli. Hapa ninafundisha wazima moto, manesi na wanajeshi waliostaafu. Kila muhula ninawauliza: una habari nusu, muda hakuna, utafanya nini? Wote wananijibu, nitampigia mkubwa wangu. Kuna mzee mmoja tu, alikuwa kwa zimamoto miaka mingi, aliniambia, "Mwalimu, mimi hapo huwa ninaamua, halafu ninakaa miezi bila usingizi." Nilimpa alama ya juu na sikuwa na kitu cha kumfundisha.

Sitakudanganya eti ulifanya vizuri. Sijui. Mimi nisingetaka kuwa wewe wiki hii. Lakini huyo Salomon angekaa pale akingoja kitu ambacho hakipo, na hiyo wewe ulijua kwa hakika, si kwa ramani.

Maombi tuma. Bodi ya chuo bado wanabishana kama hii programu iitwe kwa jina la fani yetu ama ifichwe chini ya jina la utawala wa umma, lakini pesa ya mwalimu mmoja imepita. Ukipata utakaa kwangu Lackawanna mpaka ujipange. Na dadako si yuko East Side? Utakuwa karibu na watu wako.

Ukisikia chochote niambie, hata kama ni kibaya.

Ombati


Louisville, 27 Februari 2025

Mwanangu, mwanangu,

Sikukupigia, maana neno hili nalo si la simu. Wako hai! Wote!

Barua ilinikuta natoka kazini. Nilimpigia Salomon palepale, kabla ya kuvua viatu. Nikamsomea, bila kutaja jina lako. Akaniuliza mara moja tu, "Ni yeye amesema?" Nikamwambia ndiyo. Hawakulala mle ndani tena. Ijumaa ile waasi wakaingia mjini.

Kisha simu yake ikafa, na hapo ndipo nilipojua Mungu anaweza kumwacha mtu aendelee kutembea hali amekufa. Nilienda kazini kule ghalani kwa sababu nyumbani ningekuwa kichaa. Nikawa natia vitu vya watu kwenye masanduku yasiyo yao, msimamizi akanituma nikakae. Yudita, unamjua, yule ananibebaga kwa gari lake kwenda kazini, alinipikia uji akanishika kichwa ninywe.

Halafu Burundi ikapiga, simu ya mtu mwingine. Wako Rugombo, katika uwanja wa mpira, chini ya turubai. Mto ulikuwa umejaa, maji yalimfika Salomon kifuani, alivusha watoto mmoja mmoja shingoni. Gracieuse amepoteza viatu na kitenge chenye nguo zote. Mdogo ana homa lakini ananyonya. Kamanyola hawakulala, kama ulivyosema. Waliolala pale yaliwakuta mabaya.

Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Sikuweza kunyamaza, Aganze, ningepasuka. Niliwaambia, ninyi mlioyaombea masomo ya mtoto wangu, mmejibiwa. Nikasema serikali kubwa ya Amerika ina mtoto wangu ndani yake, anajua kila kitu, na neno lake limemvusha Salomon. Waliimba mpaka mchungaji akasahau mahubiri.

Barua nimechoma. Lakini niliisoma kwanza mpaka nikaishika kichwani.

Salomon anauliza amri inayofuata ni ipi. Abaki uwanjani ao ajaribu Bujumbura?

Mama yako mdogo mwenye furaha,
Nzigire


Columbus, 4 Machi 2025

Mama,

Nilisoma mpaka "wote" nikakaa chini kwenye ngazi za jengo, nikalia watu wakinipita. Siku zote hizo nilikuwa naogopa kushika simu yangu mwenyewe. Asante kwa kuniandikia. Asante Mungu, na pole kwa Gracieuse.

Sasa nisikilize. Ulisema nini kanisani? "Mtoto wangu yuko ndani ya serikali, anajua kila kitu." Mama, kanisani kwenu kuna watu ambao karatasi zao hazijakaa sawa. Kuna wenye kesi za uhamiaji. Mwaka huu watu wetu wanaogopa hata hodi ya mleta vifurushi, na wewe umewaambia kwamba nyumbani kwako panaingia na kutoka mtu wa serikali ambaye anajua kila kitu.

Jumapili ijayo simama tena, uwaambie ulikosea. Waambie mimi ni mwanafunzi.

Na Salomon asingoje amri. Yuko pale, anaona kwa macho yake. Mimi sioni kitu.

Aganze


Columbus, 5 Aprili 2025

Mama,

Leo nina furaha, na kwa kuwa furaha imekuwa adimu sitaki kuigawa kwa simu. Nimepata kazi. Buffalo! Chuo kidogo, wanafungua programu mpya ya fani yangu, na Ombati yuko hapohapo. Naanza Agosti.

Kwenye usaili waliniuliza nieleze kwa sentensi moja fani hii ni nini. Watu saba mezani, wote wananiangalia. Nikawaambia kwamba nimeandika kurasa mia tatu juu ya swali hilo na sentensi hiyo sijaipata. Wakacheka, mkuu wa idara akasema hata wao hawana, na wakanichukua. Nadhani walikuwa wamechoka kama mimi.

Gentille yuko mjini hapo. Nawe ukichoka na hilo ghala utakuja, tutakuwa wote watatu. Tangu nije chuoni sijawahi kuishi mji mmoja na mtu wa damu yangu. Nilikuwa sijui kwamba nimekosa kitu mpaka waliponipigia, nikajikuta nahesabu Jumapili za kula kwako.

Umenyamaza mwezi mzima. Kwenye simu unasema uko salama, unakata. Niandikie.

Mwanao,
Aganze


Louisville, 6 Aprili 2025

Mwanangu Aganze,

Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa natafuta jinsi ya kuliandika hili bila kukuumiza, nikashindwa, basi naandika tu.

Nilisimama kanisani kama ulivyoniagiza. Niliwaambia nilikosea, mtoto wangu ni mwanafunzi, anasomea mambo ya mafuriko na moto. Wapi! Nilipokuwa nikiongea niliona wanaangaliana. Mama mmoja wa kwaya alimwambia mwenzake, hakushusha hata sauti, "Bamemukataza kusema." Nikaapa. Nilipoapa ikawa mbaya zaidi. Nilirudi kitini pangu, ndipo nikakumbuka uso wako siku ile mezani, nilipokukonyeza.

Tangu hapo mazungumzo yanakatika nikiingia. Sikuambiwa habari za arusi ya mtoto wa jirani, nilisikia ngoma tu. Na Yudita, Aganze. Mume wake ana kesi, unajua. Jumatatu moja nilikuwa mlangoni na chakula changu kama kila siku, gari lake likaja, likapita. Nilimwona akiangalia mbele na mikono miwili kwenye usukani. Sasa naenda ghalani kwa basi, nabadilisha njiani, nafika nimechelewa. Siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi na mume wangu ana kesi, ningepita vilevile. Lakini iliniuma kuliko matusi.

Nilitaka uje unisaidie kueleza. Halafu nikafikiri: ukija ukakana, watasema, ndiye huyo, ametumwa. Usije.

Nimeamua. Mwisho wa mwezi nahamia Buffalo kwa Gentille. Kazi ya kuwaangalia wazee iko, ameniulizia. Kuna kanisa la watu wetu pale East Side, na pale hakuna anayelijua jina lako. Nimemwambia Gentille asilitaje. Mtu akiniuliza kama nina mtoto mwingine nitasema yuko mbali, Columbus, anasomea meno. Usikasirike, papa. Mimi ni mzee, siwezi kuanza tena bila watu. Nenda ukafanye kazi mahali popote Mungu atakapokupa, ila Buffalo niachie mimi kidogo.

Salomon na jamaa yake wamehamishiwa kambi nyingine, mbali na mpaka. Mtoto amepona. Bado anaulizia amri yako.

Nzigire


Columbus, 14 Aprili 2025

Mama,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako niliifungua nikijua ni ya kunipongeza.

Sijakasirika. Nimekaa nayo siku kadhaa na sikupata mahali pa kukulaumu. Nilifikiri kuiacha kazi. Nilimpigia Ombati mpaka simu ikaita, nikakata. Hakuna nyingine, Mama. Hapa Columbus idara yetu wanaifunga mwaka ujao, Profesa Edah mwenyewe hajui atawekwa wapi. Fani ambayo haijamaliza kuzaliwa imeshaanza kupunguzwa, na mimi sina ufundi mwingine.

Kwa hiyo nitakuja, lakini nitakaa Lackawanna kwa Ombati, kusini kabisa. East Side sitafika. Kanisani kwenu sitaingia. Tukikutana dukani penye unga wa mihogo nitakuamkia kama ninavyomwamkia mama yeyote, kisha nipite. Kwa Gentille nitakuja siku za kazi, mchana, jirani zenu wakiwa viwandani. Sikuandikii hivi kwa kisirani. Mwaka huu nimekana sana, nimechoka, na kukaa mbali kidogo ni rahisi kuliko kukana tena.

Nina swali moja tu, na unijibu siku utakayoweza. Watu wa Louisville wana yao. Wewe mwenyewe unaamini nini? Ulipokuwa ukiapa mbele yao, ulikuwa ukiapa ukweli ao ulikuwa ukinifichia?

Aganze


Buffalo, 18 Agosti 2025

Aganze mwanangu,

Uko Lackawanna, Gentille amenipeleka nikaiona nyumba kwa mbali, na bado nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo ya bahari. Gentille hacheki tena. Ndiye aliyeninunulia stempu.

Watu wa huku ni wazuri. Walinipokea kwa chakula, wakanipa kiti katikati ya wamama, mmoja wao ana gari, ananipeleka kwa wazee ninaowaosha. Nilianza kucheka tena. Mwanzo wa mwezi mchungaji akaniita mbele niwaambie mimi ni nani na Mungu amenipa watoto wangapi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema Gentille, mnamjua. Nikasema Salomon, yuko kambini Burundi na jamaa yake, mwombeeni. Wakasema amina. Mchungaji akauliza, "Ni bawili tu, Mama?" Na mimi nikafungua mdomo niseme Columbus, niseme meno, na neno halikuja. Siku tatu nyuma Gentille alinionyesha picha yako, unashuka basi na begi lako. Umekonda. Nikasema ninaye wa tatu, anaitwa Aganze, yuko hapahapa Lackawanna, anafundisha usalama wa inchi hii. Sikusema ya kwetu. Nilisema hii.

Mama mwenye gari akauvuta mkoba wake ukaja mapajani. Mchungaji aliomba maombi mafupi.

Uliniuliza naamini nini. Sijui, Aganze. Unasema hukuwa na neno, na Salomon anapumua kwa neno lako. Usiku mmoja naona wewe ni mwalimu maskini aliyemdanganya mama yake kwa mapenzi, usiku mwingine naona wewe ni wao na umefundishwa kuniandikia hivyo, na zote mbili zinaingia akilini. Nilikozaliwa hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kumjua mtu anayesema kweli. Nimeacha kutafuta. Ila siwezi kukaa mji mmoja na mtoto niliyemnyonyesha dada yangu alipokufa, nikamwamkia dukani kama mpita njia. Hilo silitaki, hata kama ni kwa usalama wa nani.

Njoo Jumapili. Vaa shati jeupe. Nakuambia mapema kwamba wengi hawatakupa mkono, usiangalie chini. Jana kiti cha upande wangu mmoja kilikuwa wazi, na cha upande mwingine vilevile, kwa hiyo kaa utakapopenda.

Mama yako,
Nzigire